Kona Isiyochosha

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi umo katika kata ya Mwendakulima, kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama mjini na kuendelea hadi mpaka wa Rusumo. Barabara hiyo hailali. Malori yenye mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana, na katikati yake hupenya magari ya IT, yale yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam yakaendeshwa yenyewe kwenda nchi jirani. Mtoto anayekulia pembeni ya lami hiyo huitambua injini kwa mlio tu. Ndiyo maana hata miaka ile mpira wa miguu ulipoteka mabenchi ya vibanda vya gemu, runinga moja ya pembeni ilibaki kuwa ya magari, na waliokaa mbele yake hawakuwa watu wa kuhamahama.

Naandika kuwasifu waliotengeneza gemu zile. Nazungumzia mbio zenye asili ya mashine za sarafu: gari linagonga ukuta na kuendelea, kona inakatwa kwa mwendo ambao hakuna tairi la kweli lingeukubali, na shughuli nzima inakwisha ndani ya dakika chache. Wapo wanaozidharau wakizilinganisha na zile zinazoiga gari halisi mpaka joto la matairi. Mimi naona kazi yake ni ngumu zaidi. Anayeiga gari halisi akikwama, anaweza kulirudia gari lenyewe akapima. Anayetengeneza gari ambalo halipo duniani hana pa kupimia isipokuwa kidole cha mchezaji na hamu yake ya kurudia.

Hamu hiyo ya kurudia hupimwa vizuri zaidi kibandani kuliko sebuleni. Nyumbani ukishanunua gemu, umeshanunua. Utaicheza hata kama imekuchosha ili pesa yako isipotee bure. Kibandani unalipa kila unapotaka kucheza, mia mbili kwa mbio au jero kwa muda, na ukichoka unaondoka na chenji yako ukanywe soda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Japani kwenye kumbi za mashine, ambako gemu nyingi za namna hii zilizaliwa. Yu Suzuki wa Sega alipotoa OutRun mwaka 1986, mashine ile iliishi au ilikufa kwa sarafu ya pili, siyo ya kwanza. Ya kwanza mtu huitoa kwa sababu ameona gari jekundu linang'aa. Ya pili huitoa kwa sababu ya kitu kilichomtokea ndani ya mchezo.

Kibanda chetu kiliongeza mtihani mwingine ambao hata Japani hawakuwa nao, nao ni kadi ya kumbukumbu ya wote. PlayStation 2 huhifadhi maendeleo ya mchezaji kwenye kadi ndogo ya megabaiti 8. Mwenye kibanda alikuwa nayo moja, na wote tuliitumia. Leo umejenga gari lako kwenye Need for Speed Underground 2, umelipaka rangi, umelifunga spoila na mataa ya chini. Kesho kutwa mwanafunzi wa sekondari amehifadhi la kwake juu ya lako, au ameitumia akiba yako yote kununulia rimu. Hakuna wa kumlaumu, kadi ni ya wote. Baada ya muda mtu hujifunza kutotegemea chochote kilichomo kwenye kadi. Kinachobaki kuwa chako ni kile vidole vyako vinachokijua.

Hapo ndipo gemu zilipojitenga zenyewe. Zipo ambazo utamu wake wote uko kwenye kufungua: gari jipya, injini mpya, mtaa mpya. Ukiifuta kadi, hakuna kilichobaki isipokuwa kazi ya kuanza upya. Na zipo ambazo hata ukizima na kuwasha, hata umeme ukikatika katikati ya mbio na kadi isipone, hujapoteza kitu, kwa sababu utamu uko kwenye kona na mkono. Kwangu thamani ya kurudia ndiyo hii ya pili. Ile ya kwanza ni ya kumalizia tu.

Nisieleweke vibaya kuhusu Underground 2. Gemu ile ya mwaka 2004 iliwapa vijana wa kwetu kitu ambacho hakuna gazeti la magari lililowapa. Waliyaona mle ndani magari ya barabarani kwao. Lexus IS 300 iliyomo ndiyo Altezza tunayoifahamu kwa mlio wake Kahama na Geita. Impreza imo, Celica imo, hata Corolla ya zamani ya AE86 imo. Lakini mji wake wa Bayview unakutaka uzunguke kuzitafuta mbio zenyewe, na kibandani kuzunguka huko kunakula muda uliolipia. Ile iliyoitangulia, Underground ya 2003, ilikuwa na mbio fupi za kunyooka ambazo kazi yako ni kubadili gia kwa wakati wake na kuhama njia. Zilifaa kibanda kuliko kitu kingine chochote kilichomo. Benchi zima liliweza kusikia gia ikichelewa, na mtu wa nyuma kabisa, asiye na hata mia mfukoni, aliweza kukuambia ulipokosea.

Kosa kubwa la Underground lilikuwa magari ya kompyuta. Ulikata kona zote sawasawa, ukawaacha mbali, kisha ghafla taa zao zikawa nyuma yako kana kwamba hukufanya lolote. Ni ujanja wa makusudi: anayebaki nyuma huongezewa mwendo ili mbio zionekane za kubanana. Najua kwa nini watengenezaji huufanya, kwani mbio za mtu mmoja aliyetangulia peke yake huchosha. Lakini mchezaji akishaugundua hawezi kusahau alichokiona. Mizunguko ya mwanzo inakosa maana, na mtu hungoja kona ya mwisho tu. Sijawahi kuona jambo linaloua hamu ya kurudia haraka kuliko hilo, maana linamnyang'anya mtu kosa lake. Ukishindwa, unataka ujue ulishindwa wapi ili ulipe tena ukarekebishe pale pale.

Ridge Racer ya Namco inakuonyesha ulipokosea, na ndiyo gemu ninayoipenda kuliko zote. Ilitoka kwenye mashine za kumbini mwaka 1993, kisha ikawa miongoni mwa gemu za kwanza kabisa za PlayStation ilipozinduliwa Japani tarehe 3 Desemba 1994. Ndani yake kuna barabara moja. Kwa wanaoanza imefupishwa, kwa waliokomaa imeongezewa kipande, na ukiendelea kushinda utaikimbia kinyumenyume. Lakini ni barabara ile ile, bahari ile ile, helikopta ile ile juu. Msomaji wa leo aliyezoea gemu zenye miji mizima ataona umaskini. Bao lina mashimo 32, na sijamsikia mzee yeyote akilalamika kwamba halijaongezewa shimo.

Kinachoibeba barabara ile ni kona. Unaikaribia kwa kasi kamili, unaachia mafuta kwa muda mfupi mno, unapinda, unakanyaga tena, na gari linaanza kuserereka ubavu. Tangu hapo usukani una kazi nyingine: unapinda upande wa pili, siyo kulizuia lisiserereke bali kuchagua litaacha kuserereka lini. Ukiachia mapema, pua inaelekea ukingo wa ndani. Ukichelewa, linapiga ukuta wa nje na unasikia mwendo ukidondoka. Kati ya mapema na kuchelewa kuna nafasi nyembamba ambayo gari linatoka kwenye kona likiwa limenyooka lenyewe, limeelekea pale pale ulipotaka. Hakuna gari la kweli linalofanya hivyo. Hata hivyo kila aliyeshika pedi aliielewa kona hiyo kwa mbio chache, na hakuna niliyemwona akiimaliza. Kulikuwa na mwanamume aliyewahi kuendesha dampa mgodini, dereva wa kushuka shimoni mtupu na kupanda amebeba mawe, zamu nzima barabara ile ile. Alikuwa mtulivu kuliko vijana wote. Alikuwa akiachia mafuta mapema kuliko wao na kukanyaga mapema kuliko wao, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuwaacha.

Kuna jambo jingine kuhusu Ridge Racer ambalo mtu wa Kahama atalithamini kuliko mtu wa Tokyo. Vumbi letu jekundu ni adui wa lenzi. PlayStation ya kwanza iliyokwisha kutumika sana huanza kukwama kusoma sahani. Mafundi wetu huifuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, na ikigoma zaidi huipindua mashine ichezwe chini juu. Gemu nyingi hukwama katikati kwa sababu husoma sahani kila wakati. Ridge Racer, kwenye mashine yenye megabaiti 2 tu za kumbukumbu kuu, hupakiwa yote mwanzoni. Wakati ikipakia, inakupa gemu ndogo ya Galaxian ya kupiga viumbe vya angani, na ukiwamaliza wote unapata magari ya ziada. Baada ya hapo sahani inabaki na kazi moja tu, muziki. Lenzi ikichoka, muziki utakatika lakini mbio zitaendelea. Tena unaweza kuitoa sahani ya gemu ukaweka ya muziki wako, ukapiga mbio kwa bongo fleva kwenye mashine iliyotengenezwa kwa nyimbo za kielektroniki za Kijapani. Namco hawakuufanya uamuzi huo kwa ajili yetu, lakini ulizisaidia mashine za vumbini kuliko walivyoweza kujua.

Burnout 3: Takedown ya mwaka 2004, kazi ya Criterion wa Guildford, Uingereza, ni ya tabia tofauti kabisa na naiweka ya pili. Ridge Racer inakutaka uwe safi. Burnout inakutaka uwe karibu na kifo. Nguvu ya kuongeza mwendo huipati kwa kuisubiri. Unaichuma kwa kupita upande wa magari yanayokuja, kwa kulikwepa lori kwa nafasi ya kiganja, kwa kumsukuma mwenzako ukutani. Kwa hiyo kila sekunde una uamuzi: kubaki upande wako ukiwa salama na mpole, au kuingia kwa wanaokuja uchume. Na ukipata ajali, muda hupungua mwendo na bado unaweza kulielekeza gari lako lililovunjika limpige mpinzani. Hata kushindwa kunabaki kuwa mchezo, na mtu hanyanyuki kwenye benchi akiwa na uchungu.

Huku kwetu gemu hiyo inagusa mahali pengine. Barabara ya Isaka tunaijua kwa kutanua, kuchomekea na kuovateki mbele ya kilima, na familia nyingi zimezika kwa sababu hiyo. Nimewahi kuulizwa kama gemu ya namna hii haifundishi vibaya. Ninachokiona ni kwamba Burnout haifichi gharama: inasimamisha kila kitu ili uone vioo vikiruka na bodi ikikunjika. Dereva wa bodaboda niliyekuwa nikicheza naye aliacha pedi, akavaa kofia ngumu, akaondoka taratibu kuliko alivyokuja. Hilo silichukui kuwa ushahidi wa jambo lolote, ila nililiona.

Need for Speed Most Wanted ya 2005 ilipendwa sana kwa polisi wake. Watu walilipia muda, wakawachokoza askari, wakakimbia mpaka mwenye kibanda alipotangaza muda umekwisha. Raha yake ni kubwa lakini ni ya hadithi, na hadithi ikishajulikana hupoa. Gran Turismo ya Kazunori Yamauchi, ya mwaka 1997, siyo ya jamii hii hata kidogo, ni ya wanaotaka uzito halisi; ila kilichomo ndani yake ambacho kingeweza kuishi kibandani milele ni mitihani ya leseni. Sehemu fupi tu ya barabara, breki moja, kona moja, kisha medali ya dhahabu au ya shaba. Wengi waliiruka ili wafike kwenye mbio. Mimi ningelipia mitihani peke yake.

Sega Rally Championship ya mwaka 1995 sikuikuta kibandani, kwa kuwa mashine za Sega hazikutufikia kwa wingi. Niliicheza baadaye kwenye kompyuta, kwa programu inayoigiza mashine za zamani, na nilihuzunika kwamba benchi letu halikuipata. Tetsuya Mizuguchi aliiongoza, akiwa pamoja na Kenji Sasaki ambaye kabla ya hapo alikuwa Namco akifanya kazi ya Ridge Racer. Walifanya jambo linaloonekana dogo: waliipa kila ardhi mshiko wake. Lami inashika, changarawe inaachia, matope yanavuta. Gari ni lile lile, Celica au Lancia Delta, lakini likivuka mstari kutoka ardhi moja kwenda nyingine, mkono unajua kabla jicho halijajua.

Mpangilio wa mbio zake nao ni wa akili nyingi. Unaanza ukiwa wa 15. Kuna njia tatu mfululizo, jangwa, msitu na mlima, na nafasi unayoipata kwenye moja unaingia nayo kwenye inayofuata. Walio mbele wamepangwa kwa umbali ambao hata ukiwa hodari vipi huwezi kuwapita wote jangwani. Kwa hiyo kosa la kona ya mwanzo halipotei. Unaenda nalo mpaka mlimani, na ukikosa nafasi ya kwanza kwa gari moja unajua kabisa ni kona gani ya jangwani iliyokunyima. Ukifika wa kwanza, inafunguka njia ya nne ya kando ya ziwa, nyembamba kama haitaki mtu apite. Njia nne tu, na watu bado wanashindania sehemu za sekunde ndani yake.

Jangwa lile la kwanza limetokana na Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toyota Celica ilizishinda mara kadhaa, ikiwamo mwaka 1994 kwa mikono ya Ian Duncan wa Kenya. Vumbi la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuingia kwenye gemu hizi kabla sisi hatujashika pedi. Codemasters nao walipotoa Colin McRae Rally 2.0 mwaka 2000 waliiweka Kenya ndani kwa barabara pana za udongo zinazokimbia mno. McRae mwenyewe, dereva aliyeipa gemu hiyo jina, alikwisha kuishinda Safari mwaka 1997 na 1999, na angeishinda tena 2002.

Siku hizi vijana wengi wa Buzwagi wanacheza kwenye simu. Mgodi ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 uliingia kwenye ufungaji mwaka 2021, eneo lake likatengwa kwa ajili ya viwanda, na vibanda vilivyobaki mjini ni vya mashine mpya na mpira. Kwenye simu gemu niliyoiona mikononi mwa watu wengi zaidi ni Hill Climb Racing, iliyotoka Finland mwaka 2012. Ina vitufe viwili, mafuta na breki, kilima kinachoinuka na kushuka, na tangi linalokwisha. Haidai bando wakati wa kucheza. Mwanamke anayeuza mchele Kahama anaicheza akisubiri wateja, na wachimbaji wadogo wa Geita wanaicheza wakisubiri zamu. Kitufe cha mafuta ukikibonyeza sana kileleni, gari linapinduka kwa nyuma na dereva anavunjika shingo. Kibonyeze kidogo, linateremka vizuri. Hayo ndiyo yote, na yametosha kwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni zenye gemu za kuvutia kwa picha, magari ya mamilioni na matangazo kila baada ya mbio hazijaweza kuing'oa simuni mwa watu hawa.

Vijana wanaojifunza kuandika programu huku kwetu huniambia wanataka kutengeneza gemu ya magari ya Kitanzania, na karibu wote huanza na orodha ya magari: Noah, Altezza, Scania, bajaji. Mimi huwaomba waiache orodha hiyo kwanza, waanze na ardhi. Wasukuma wameigawa ardhi yao kwa majina tangu zamani kwa sababu jembe na mkokoteni viliwalazimisha. Kuna luseni, kichanga chepesi. Kuna itogolo, udongo unaokuwa mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Kuna mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka ukikauka na kunata hadi ekseli ukinyeshewa. Mizuguchi na Sasaki walifikia mshiko wa aina hizo kwa kubuni na kupima. Hapa upo nyuma ya nyumba, na wazee wa kuuelezea wapo. Mtu achukue kipande kimoja tu cha njia ya ng'ombe kati ya Mwendakulima na bonde la jirani, kitokacho kwenye luseni kikapinda na kuingia mbuga mwezi wa Desemba, akae na kona hiyo mpaka kidole kiweze kusema gari limevuka wapi, halafu ndipo aniletee habari za rangi ya Altezza.